Swali la Lugha: Anatakata, ni Mnafiki, au Amejikausha?

Swali: “Mwalimu, shikamoo. Nyumbani kwetu Malindi tunapenda kutazama yale mashindano ya runinga ambayo washiriki hukaa pamoja na kutoana mmoja mmoja kwa kura. Kila msimu hapakosi mshiriki ambaye hagombani na mtu, hajitangazi wala hatafuti uongozi, na watu wakija kushtuka, yeye yumo fainali. Mimi husema mtu huyo anacheza ‘chini ya rada’, kama nilivyosoma gazetini. Kaka yangu husema ni mnafiki tu. Babu yetu aliyeko Lamu, ambaye ni mtu wa bao, alitusikia akasema kwamba huyo ‘anatakata’. Ni nani kati yetu aliyepatia? Na je, ‘kimyakimya’ na ‘chini kwa chini’ ni mamoja?”

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na babu, kwa kuwa ndiye mkubwa, na pia kwa kuwa neno lake limetoka katika mchezo wenye msamiati mpana ambao waandishi wetu wa michezo wameuacha bila kuutumia. Katika bao, kutakata ni kuzisambaza kete katika safu zako mwenyewe bila kula kete za mwenzio. Mtazamaji asiyeujua mchezo huo akiona hivyo, atadhani kwamba mchezaji ameamua kutulia. Lakini sheria ya bao haimpi hiari hiyo: aliye na nafasi ya kula sharti ale, na anayetakata ni yule aliyekosa cha kula. Hapo ndipo neno la babu linapoachana na mtu mnayemzungumzia, kwa sababu mshiriki wenu anaweza kushambulia naye amechagua kutoshambulia. Kutakata kungemfaa zaidi mshiriki ambaye wenziwe wote wa upande wake wamekwisha kutolewa, akabaki hana wa kupiga naye kura, akawa anazungusha kete zake tu akiomba siku ipite. Huyo ndiye anayetakata, na ningefurahi kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo na watangazaji.

Kuhusu “chini ya rada” sina maneno mengi. Rada ni chombo, na Kiswahili kimelipokea jina lake bila taabu. Ila msemo mzima umechukuliwa ulivyo kutoka lugha nyingine, ukavalishwa maneno yetu. Msomaji ambaye hajaupata msemo huo katika lugha ulikotoka hataujua maana yake kwa kuyachambua maneno yake. Isitoshe, hapa Kenya vijana wamelipa neno “rada” kazi nyingine kabisa: wakiambiana “kuwa rada” huwa wanaambiana kuwa macho, na “rada ni gani?” ni kuulizana habari au mipango. Kwa sikio la kijana wa namna hiyo, mtu aliye “chini ya rada” anaweza kuwa ni mtu asiye macho, yaani kinyume cha ulichokusudia kusema.

Kaka yako yeye ametoa hukumu ya tabia, na hukumu hiyo inataka ushahidi. Kila aliyepitia chuo cha Kurani katika miji yetu ya pwani amefundishwa alama tatu za mnafiki: akisema huongopa, akiahidi huvunja ahadi, na akiaminiwa hufanya hiana. Kunyamaza hakumo katika hizo. Mshiriki aliyewaahidi wenziwe kura yake kisha akaipeleka kwingine, kaka yako na amwite mnafiki na sitambishia. Lakini aliyekaa kitako akawaacha wenye hasira watoane wenyewe kwa wenyewe, hakuongopa wala hakuvunja ahadi. Hata “mpole”, neno ambalo wengi hulikimbilia, lina kasoro hiyo hiyo kwa upande wa pili, kwa maana upole ni sifa njema ya moyo, na mtu anaweza kunyamaza mbele ya kamera akiwa na moyo usio na upole hata chembe.

Kabla ya kulichagua neno, inafaa tuutazame mchezo wenyewe, kwa kuwa si mashindano yote yanayompa mnyamavu faida ile ile. Chukua Survivor ya Marekani, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2000, na ambayo msimu wake wa tatu ulirekodiwa nchini mwetu, katika Hifadhi ya Shaba huko Isiolo, mwaka 2001. Humo washiriki wenyewe ndio wanaopigiana kura za kutoana, na mwisho wa safari baadhi ya waliotolewa hugeuka kuwa jopo la kumchagua mshindi. Katika utaratibu huo kila anayejitokeza mno hujitia katika hatari mara mbili: kwanza huonekana kuwa tishio akatolewa, na asipotolewa, hufika mwisho akiwa na jopo la watu aliowaumiza. Msimu wa Samoa wa mwaka 2009 ulilionyesha jambo hili wazi. Russell Hantz aliuendesha mchezo kwa mikono miwili, akavumbua sanamu za kinga, zile zilizofichwa ambazo humwepusha mwenye nazo na kura, hata bila kupewa kidokezo, akawapanga watu na kuwapangua. Natalie White alikaa karibu naye bila makeke. Kura za jopo zilipohesabiwa, Natalie alikuwa na 7, Russell 2, na mwenzao wa tatu hakupata hata moja. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Katika Big Brother Africa, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2003 hadi mwaka 2014 na ambayo Watanzania wawili, Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014, waliwahi kuishinda, wenzio ndio waliokupendekeza utoke, lakini neno la mwisho lilikuwa la watazamaji. Hapo kimya kiliweza kukuponya ndani ya nyumba walimokaa washiriki kisha kikakuangamiza nje, kwa kuwa mtazamaji hampigii kura mtu asiyemkumbuka. Ndiyo maana mashabiki wa shindano hilo hukuwasikia wakimsifu mnyamavu. Walisema “amelala”, “amepoa” au “amezubaa”. Maneno hayo ni Kiswahili safi na yana maana zake, lakini hayawezi kubeba ulichouliza, kwa sababu aliyezubaa hana mpango wowote.

Basi twahitaji neno litakalosema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu ametulia, na kwamba utulivu huo ameufanya makusudi. Kiswahili hulitafuta neno la namna hiyo katika kitenzi, na hasa katika kile kiambishi kidogo cha “ji”. Tuanze na kunyamaza. Watu wazima wa Lamu, babu yako bila shaka akiwamo, husema “nyamaa”, na washairi wa kale walisema hivyo hivyo; ukiyaweka “nyamaa” na “nyamaza” kando ya “jaa” na “jaza” utaona kwamba umbo tunalolitumia leo lina sura ya kusababisha, ingawa maana hiyo imekwisha kulitoka, ndiyo maana tukitaka kumfanya mtu anyamaze hutulazimu kusema “nyamazisha”. Sasa ukisema “amenyamaza” umetoa habari tu. Ukisema “amejinyamazia”, umeongeza kitu, lakini sicho unachokitaka wewe: kitenzi chenye “ji” mwanzoni na umbo la kutendea mwishoni, kama “anajiendea”, “amejikalia” au “amejilalia”, humsema mtu anayefanya jambo bila kujali walimwengu. Aliyejinyamazia ameshughulika na mambo yake, labda ndiyo hulka yake. Mchezo umeendelea pembeni yake.

Neno ninalokupendekezea ni “kujikausha”. Aliyejikausha ameona, amesikia na ameelewa, lakini usoni mwake husomi lolote. Picha iliyomo ni ya ukavu, na lugha yetu huutumia ukavu kwa mambo kama haya: mtu asiyeona haya huitwa mkavu wa macho, na vijana wa Tanzania wakitaka mwenzao asitoe neno humwambia “kausha”. Tofauti na kujinyamazia, hapa pana juhudi, na tofauti na kuzubaa, hapa pana akili. Jirani wa karibu wa neno hili ni “kujitia hamnazo”, ambalo lina nguvu zaidi, kwa maana aliyejitia hamnazo hatulii tu bali huigiza ujinga: huuliza maswali ambayo majibu yake anayo, hushangaa habari aliyoisikia jana. Mshiriki anayewaachia wenziwe waamini kwamba hajui hata kura inakwenda kwa nani, hali yeye ndiye aliyeihesabu, amejitia hamnazo. Mimi nisingeyabadilisha maneno hayo mawili ovyo. La pili ni hila, la kwanza ni subira yenye hesabu.

Huenda ukaniuliza kwa nini nisiridhike na “mnyamavu”, neno fupi na lenye adabu. Sababu ni kwamba mbinu unayoiuliza haikai mdomoni. Mtazame Sandra Diaz-Twine, aliyeshinda Survivor mara mbili, mwaka 2003 na mwaka 2010. Huyo hakuwa mtu wa kumeza maneno. Akikasirishwa alisema, tena kwa sauti. Alichokificha kilikuwa kitu kingine, nacho ni kule kuwa shabaha: alikuwa radhi kura imwangukie yeyote, maadamu haimwangukii yeye, na hakung’ang’ania kuonekana kuwa kiongozi wa mpango wowote. Ukimwita mnyamavu, waliomtazama watakucheka. Ukisema kwamba wakati wa kupanga kura alijikausha, hakuna atakayekupinga.

Endapo mshiriki wako ametulia kwa ajili ya kushambulia, si kwa ajili ya kujikinga, badilisha kitenzi. Anayekaa mahali pake akingoja windo lipite anavizia. Anayelisogelea pole pole bila kutoa mchakacho ananyemelea au ananyatia. Ile methali ya simba mwenda kimya ndiye mla nyama inamhusu huyu wa pili, na nimeisikia mara nyingi ikitajwa kwa mtu ambaye hakuwa na nia ya kula nyama yoyote, aliyetaka kuliona jua la kesho tu.

Sasa swali lako la mwisho. “Kimyakimya” na “chini kwa chini” si mamoja, ingawa hupishana mlangoni. “Kimyakimya” husema namna: jambo limefanyika bila kelele wala tangazo, na huenda halikuwa siri hata kidogo. Mtu anaweza kuoa kimyakimya na mtaa mzima ukajua. “Chini kwa chini” husema mahali, mahali pa mfano, palipositirika machoni pa wengine, na kwa kawaida hutaka watu zaidi ya mmoja: biashara, mazungumzo, mapatano. Ule msimu wa Samoa unatupa mfano mzuri. Makundi mawili ya washiriki yalipounganishwa kuwa moja, Natalie alizungumza na wanawake wa upande wa pili hadi Erik Cardona, mmoja wa watu wa upande wao wenyewe, akatolewa. Mazungumzo hayo yalikuwa ya chini kwa chini. Lakini mwenendo wake wa siku zote, kukaa bila kuvuta macho ya watu, ulikuwa wa kimyakimya. Mwandishi akisema kwamba alicheza msimu mzima “chini kwa chini” atakuwa amemfanya mla njama kila siku, jambo ambalo halikuwa.

Kiandikwe neno moja au mawili? Mimi huandika “kimyakimya” kwa pamoja kinapoeleza kitenzi, kama nifanyavyo kwa “polepole” pia pale ninapojikumbusha. Usikifananishe tu na “kichinichini” au “kisirisiri” kwa sababu ya ile “ki” ya mwanzo. Katika hayo mawili, “ki” imeongezwa ili kuonyesha namna, nawe waweza kuiondoa ukabaki na “chini” na “siri”. Katika “kimya”, “ki” ni sehemu ya nomino yenyewe, ndiyo maana methali niliyoitaja ikasema kimya “kingi kina” mshindo.

Sentensi yako basi ingeandikwa hivi: “Amejikausha tangu wiki ya kwanza, na wenziwe hawajamtaja hata mara moja.” Mbinu yenyewe iite “mbinu ya kujikausha”, au “mchezo wa kujikausha”, kitenzi-jina kinatosha na hakihitaji kutengenezewa nomino nyingine. Najua kwamba mtindo wa kuunda upo, kwa kuwa kutokana na kujivuna tumepata “mjivuni” na “majivuno”, na kutokana na kujigamba tumepata “majigambo”, kwa hivyo “mjikaushi” lingekubalika kisarufi. Sijalisikia likisemwa barazani, si Lamu wala Malindi, nami sioni haraka ya kuliandika kabla ya kulisikia. Mweleze babu kuwa neno lake nimelihifadhia yule mshiriki aliyekosa cha kula.