Fundi wa Taa: Taa mpya, maji ndani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Probox ninayobebea abiria na mboga kati ya Lushoto na Mombo. Alfajiri, pale Soni, ukungu huwa mzito hata gari la mbele hulioni. Nilitoa globu za zamani za H4, nikafungiwa LED zenye feni. Raba ya nyuma ya taa ikagoma kuingia, fundi akaikata. Sasa taa ya kushoto ina matone ndani mpaka saa sita mchana. Zile za ukungu kwenye bampa alizitia globu za wati 100. Juzi nimepita kwenye dimbwi, kioo kimoja kikapasuka ta! Na soketi inanuka plastiki. Nimekosea wapi?
Dereva, Lushoto

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa la kwanza ni mkasi. Raba ile ndiyo mlango wa nyuma wa taa. Ukiikata, kila gurudumu likirusha maji, tope na mvuke vinaingia.

Lakini kuna jambo jingine ambalo muuza globu hakukuambia. Globu ya zamani ilikuwa jiko dogo. Joto lake jingi lilikwenda mbele pamoja na mwanga, likakausha kioo cha taa bila wewe kujua. LED hutupa joto lake nyuma, kwenye mkia wenye feni. Kioo kinabaki baridi, na kwa baridi ya Lushoto unyevu unakigandia hapo. Kwa hiyo ukungu mwembamba pembeni mwa kioo asubuhi, unaoondoka ukishatembea, usikuumize kichwa. Matone yanayotiririka ndiyo ugonjwa.

Tafuta raba nzima, na LED yenye mkia mfupi inayoenea ndani yake. Usilazimishe mkia mrefu: feni ikibanwa na raba inazungusha hewa ile ile ya moto, na LED haitadumu. Ukikosa inayoenea, rudisha H4 ya wati 60/55, yaani 60 za mwanga mrefu na 55 za mwanga mfupi. Mimi gari langu bado linazo, na sioni aibu.

Kukausha: fungua taa, toa globu, kisha ianike taa yenyewe juani ukiwa umeielekeza tundu chini. Drai ya saluni inafaa, kwa moto mdogo. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vikishashiba havina kazi tena, huwa vinabaki mle ndani vikigongagonga.

Na silikoni! Miaka ya nyuma nilipaka silikoni taa nzima ya Hiace yangu, nikaziba hata kitundu cha kupumulia. Taa lazima ipumue: ikiwaka hewa inatanuka na kutoka, ikizimwa inapoa na kuvuta nyingine. Nilichotengeneza kilikuwa hodhi la samaki. Tena ilikuwa ile silikoni yenye harufu ya siki. Mvuke wake ulikula rangi ya fedha ya ndani, taa ikafifia kabisa. Kwa hiyo ziba ufa tu, na kitundu kiache.

Sasa zile wati 100. Kwa betri ya volti 12, globu ya 55 huvuta chini ya ampea 5. Ya 100 huvuta zaidi ya 8. Joto kwenye waya haliongezeki mara mbili, linapita mara tatu. Harufu unayoisikia ni soketi ikiiva. Kioo nacho kimekuwa kaango, ukakimwagia maji ya dimbwi, kingefanya nini? Rudisha 55, badilisha soketi, na waya utoke kwenye betri kupitia fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa), usipitie swichi moja kwa moja. Globu mpya ishike kwa kitambaa, mafuta ya vidole huiunguza.

Taa iliyopasuka usiigandishe kwa gluu, nunua nyingine. Kabla ya kuifunga, tafuta tundu lake la kutolea maji, hakikisha linatazama chini. Nimeshaona nyingi zimefungwa kichwa chini miguu juu. Kisha elekeza mwanga wake chini kidogo. Kwenye ukungu wa Soni unahitaji kuiona barabara, si ukuta mweupe.