Fundi Anajibu: Jeki Imetoboa Chesisi, Nikate au Niuze?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Marehemu mzee wangu alituachia Land Rover 109, Series III, na ndiyo inayotutolea viazi shambani hadi barabarani. Majuzi kijana wangu alipiga jeki nyuma, jeki ikazama ndani ya chuma. Fundi wa hapa kijijini anasema atachomelea bamba juu ya shimo, basi. Mwingine anasema gari limekufa, niliuze kama vyuma kuukuu. Nimsikilize nani? (Mama mkulima, Molo)

JIBU: Mama, pole kwa shughuli. Hao wawili waache kwanza, kwa sababu kwa maelezo yako hakuna aliyelala chini ya gari akaligonga.

Land Rover za Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo chesisi yako, yaani fremu inayobeba gari zima, imeshakula mvua za Mau kwa zaidi ya miaka 40. Bodi ni ya alumini, ndiyo maana kwa juu gari bado linapendeza. Chesisi ni chuma: mabamba membamba yaliyochomelewa yakawa boksi lenye uwazi ndani. Magurudumu ya nyuma hurusha tope, tope huingia kwenye matundu na kukaa, vitundu vya kutolea maji vinaziba. Huko kwenu ardhi haikauki haraka, na tope la ndani ya chesisi ndilo la mwisho kukauka. Kutu inaanzia ndani kuja nje. Siku unapoona shimo, chuma kilicholizunguka kimebaki chembamba kama ganda la yai.

Sasa fikiria bamba jipya likichomelewa juu ya ganda hilo. Limeshika nini? Tena limefungia tope bichi katikati ya vyuma viwili. Nimebandua viraka vya namna hiyo hapa Nakuru, na chini yake hukuti chuma tena, unakuta unga mwekundu. Mtu alilipia rangi nyeusi inayong'aa. Kazi hiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu najua juu ya yale magunia wanapanda vibarua, na barabara za huko ni za mteremko.

Kwa hiyo kwanza gari lioshwe chini kwa maji ya nguvu, likauke, kisha fundi apite na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na bisibisi inaingia. Uwepo mwenyewe. Umpe chaki atie alama kila anapopata ugonjwa.

Alama zikiwa kwenye boriti ya nyuma inayokingama, pale jeki ilipoingia, na kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, gari linatengenezeka na mimi ningelitengeneza. Hizo ndizo sehemu zinazotangulia kuoza kwenye gari hili. Zikiwa kwenye vishikizo vya springi za mbele, au karibu na boksi ya usukani, au nguzo zote mbili kuu, zile ndefu zinazotoka mbele hadi nyuma ya chesisi, zimeliwa juu ya ekseli ya nyuma, usikubali viraka. Hapo tafuta chesisi nyingine nzima, na kabla hujailipia uende NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, na logbuku, kwa sababu namba ya chesisi ndiyo utambulisho wa gari.

Tuseme ni boriti na mikono. Gari lishushwe kwenye stendi zilizowekwa chini ya ekseli, liwe sawa, lisining'inie kwa jeki. Fundi apime kwa utepe kutoka kona hadi kona, mshazari kwa mshazari, aandike vipimo kabla ya kukata, apime tena akimaliza. Betri na altaneta vifunguliwe nyaya. Tangi la mafuta litolewe na lipelekwe mbali kabisa. Kuna jambo wengi wanalisahau: kwenye Land Rover hizi nyaya za taa za nyuma zinapita ndani ya chesisi. Zivutwe nje huku zimefungwa kamba mwishoni, ili kamba ibaki ndani na baadaye izirudishe. Asipofanya hivyo atachoma nyaya bila kuziona.

Halafu akate. Akate mpaka afike chuma cheupe chenye unene wake, hata kama shimo la ngumi litakuwa dirisha. Hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi. Bamba liwe chuma laini cha milimita 3, si kipande cha pipa. Kona zake ziviringwe. Akigusa nguzo kuu, ncha za kiraka zikatwe kimshazari, kwa kuwa mstari wa weldi uliosimama wima kwenye nguzo ndipo ufa unapoanzia. Achomelee vipande vifupi, ahamehame, chuma kipoe, kisije kikajipinda. Na rodi za kuchomelea ziwe kavu. Zilizolala wazi kwenye unyevu zinatoa weldi yenye vitundu.

Mwisho rangi ya zinki, kisha rangi ya juu, na vitundu vya maji vifunguliwe. Ndani ya boksi ipulizwe nta baada ya moto wote kwisha, kamwe si kabla. Paipu ya breki inayokwenda nyuma nayo aikague; ikiwa na magamba ya kutu ibadilishwe, usingoje.

SWALI: Naendesha watalii kwa Land Cruiser, Ziwa Nakuru na Bogoria. Tope la huko lina madhara? (Dereva, Lanet)

JIBU: Ndiyo, ndugu. Ni tope la chumvichumvi na magadi, linavuta unyevu, na penye chumvi kutu hukimbia. Sehemu za alumini nazo haziponi: umeona sufuria inavyokuwa nyeusi ukipikia mboga za magadi. Osha chini siku hiyohiyo, maji yaingie na ndani ya chesisi kupitia matundu yake. Kuosha milango na kuacha chini ni kumpendezesha mtalii tu.

SWALI: Hilux yangu ilikwama kwenye mafuriko ya Nyando. Naambiwa nipulize oili chafu chini yake izuie kutu. Nifanye hivyo? (Msomaji, Ahero)

JIBU: Usifanye. Inachelewesha kutu, lakini inavimbisha mipira ya bushi, inadhuru ngozi ya anayepuliza, na matone yake yanaishia kwenye mashamba ya mpunga. Ingiza mpira wa maji ndani ya chesisi mpaka maji yatoke safi, acha jua likaushe siku kadhaa, ndipo upulize nta, mbali na breki. Na kabla ya safari ndefu fungua oili ya difu (gia za kwenye ekseli) na ya giaboksi uitazame. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Imwage uweke mpya.