Kuchangia LibreOffice ukiwa Mwanza: anza na kamusi ya tahajia

Ingia steshenari yoyote Mwanza, iwe Makoroboi au Nyegezi, uombe kuchapiwa barua ya Kiswahili. Ukaguzi wa tahajia ukiwa umewashwa, kioo hujaa mistari myekundu chini ya maneno yasiyo na kosa lolote: "wamekwishatuma", "hatujalipwa", "mwaloni". Mchapaji akichoka nayo huuzima ukaguzi wote. Kuanzia hapo hata "mkuatano" hupita salama hadi kwenye meza ya mtendaji wa mtaa.

Kwa hiyo anayetaka kuchangia LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa upande wa Kiswahili asikimbilie menyu. Menyu zilishawahi kutafsiriwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya OpenOffice.org nzima kwa Kiswahili. Mwaka 2010 wachangiaji wa OpenOffice.org walijitenga na kampuni ya Oracle iliyokuwa ikiimiliki, wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi ya The Document Foundation, ambayo makao yake yako Berlin. Programu hutoa matoleo makubwa mawili kila mwaka, na tafsiri isiyo na watunzaji wa kudumu huchakaa haraka. Mtu anaweza kuzoea menyu ya Kiingereza. Mstari mwekundu chini ya neno lake sahihi hauzoeleki.

Kuna na suala la bando. Msimbo wote wa LibreOffice ni gigabaiti kadhaa kuupakua, na kuujenga kwenye kompyuta ya kawaida huchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati unajua kinachofuata. Kamusi ni faili mbili za maandishi matupu, sw_TZ.dic na sw_TZ.aff, na zote zinabebeka kwenye flashi ndogo kuliko zote. LibreOffice huzisoma kupitia injini iitwayo Hunspell.

Faili ya .dic ni orodha ya maneno, neno moja kila mstari. Mstari wa kwanza lazima uwe namba ya makadirio ya maneno yaliyomo. Ukiusahau, faili hukataliwa. Faili ya .aff ndiyo yenye kanuni za viambishi, na hapo ndipo Kiswahili kinapowashinda wengi.

Hunspell kwa kawaida huvua kiambishi awali kimoja tu. Kwetu "ninawasoma" ina vitatu mbele ya mzizi: ni, na, wa. Suluhisho ni kuviunganisha viwe kipande kimoja:

PFX W Y 24
PFX W 0 nina .
PFX W 0 nili .
PFX W 0 nita .

na kuendelea. PFX ni kiambishi awali, W ni jina la kanuni, 0 ni kwamba hakuna herufi inayoondolewa kwenye neno, na nukta ni neno lolote. Nafsi 6 mara nyakati 4 (na, li, ta, me) ni 24. Ongeza watendwa ni, ku, m, tu, wa, upate vipande 120 vingine, jumla 144. Toa visivyo na maana kama "ninani-" na "tunatu-". Hapo hujagusa ngeli za vitu. Usiviandike kwa mkono. Tengeneza kwa lahajedwali la Calc, safu moja ya nafsi, moja ya wakati, moja ya mtendwa, kisha uziunganishe. Namba iliyo baada ya Y lazima ilingane na idadi ya mistari inayofuata. Ukiongeza kipande ukasahau kuibadilisha, kanuni nzima huvurugika, na hili ndilo kosa linalopoteza muda mwingi kuliko yote.

Kiambishi "m" kinataka uangalifu wa peke yake, kwa sababu hubadilika mbele ya irabu:

PFX O 0 anam [^aeiou]
PFX O 0 anamw [aeio]
PFX O 0 anamu u

Mabano hutaja herufi ambayo neno linaanza nayo, na ^ ni "isipokuwa". Hivyo unapata "anampiga", "anamwambia", "anamuuliza". Wengi huandika pia "anamuona". Iruhusu, kazi ya kamusi hii ni kukamata makosa, haikuwekwa kugombana na waandishi.

Ukanushi ni mtego mwingine. Ukiweka "ha" kama kiambishi awali cha kawaida, kamusi itakubali "hasoma" bila kulalamika. Njia safi ni kuingiza shina la ukanushi kama neno lake lenyewe, kisha kulizuia lisisimame peke yake. Kwenye .aff andika NEEDAFFIX X, na kwenye .dic (herufi zilizo baada ya / hutaja kanuni za neno hilo):

soma/W
somi/KX

Herufi K ibebe si, hu, ha, hatu, ham na hawa. Sasa "hatusomi" inapita, "somi" pekee inakataliwa. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama rudi, fikiri na samehe havibadiliki mwishoni, kwa hiyo hivyo vipe W na K pamoja bila X. Vitenzi vya silabi moja viingize pamoja na ku yake: "kula/W" hutoa anakula, alikula, amekula. Shina "la" liwekee herufi nyingine kwa ajili ya "hajala" na "akila".

Kwa nomino tunashauri uvivu: andika umoja na wingi kama maneno mawili. Kanuni ya mvuvi na wavuvi ni rahisi, lakini ukifika mwalo na mialo, jicho na macho, utakuwa umetunga kanuni nyingi kuliko maneno.

Usisahau ng'ombe. Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, hubadilisha alama ya ' kuwa ’ unapochapa, na kamusi yenye alama moja tu inaweza kupiga mstari chini ya "ng'ambo". Dawa yake ni mistari miwili kwenye .aff:

ICONV 1
ICONV ’ '

Maneno yenyewe yatoke kwenye maandishi halisi: mihtasari ya vikao, taarifa za vikundi vya akiba, matangazo ya mialo. Omba ruhusa, futa majina ya watu, kisha endesha amri hii:

hunspell -d ./sw_TZ -l maandishi.txt | sort | uniq -c | sort -rn | head -n 500

Hii hukupa maneno 500 ambayo kamusi haiyajui, yanayojirudia zaidi yakiwa juu. Ukitumia maandishi ya huku, tegemea kukuta sangara, furu, gogogo, michembe, matobolwa, Misungwi, Sengerema, Buhongwa. Yaingize, maana ndiyo Kiswahili kinachoandikwa ukanda huu. Usinakili orodha kutoka kamusi iliyochapwa. Ina hakimiliki, na mchango wako wote unaweza kutupwa kwa sababu hiyo.

Jaribu kwa faili mbili: moja ya maneno 200 sahihi, nyingine ya maneno 200 yaliyokosewa kwa makusudi. Ya kwanza isitoe kitu, ya pili itoe yote. Wengi hujaribu ile ya kwanza tu, wakaishia na kamusi inayokubali kila kitu.

Kuiona ndani ya Writer, chukua kiendelezi cha kamusi kilichopo chenye mwisho wa .oxt, ambacho kwa kweli ni zip, ubadilishe faili mbili ndani yake. Ukiifunga upya, chagua faili zilizomo, usichague folda iliyozibeba. Folda ikiingia kama tabaka la juu, folda ya META-INF iliyomo haionekani mahali pake na usakinishaji hugoma.

Kinachobaki ni kutuma. Fungua taarifa kwenye Bugzilla, tovuti ya The Document Foundation ya kuripoti kasoro, kwa Kiingereza chepesi, taja toleo la LibreOffice, toa mifano mitano ya maneno sahihi yanayopigwa mstari, kisha ambatanisha faili. Kumbuka kila kiambatisho huonekana na dunia nzima, kwa hiyo barua ya mteja isiingie humo. Anayeweza kutumia git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, ayapeleke kwenye Gerrit, tovuti ya kuyahakiki, katika hazina ya dictionaries, maneno mia chache kwa mkupuo ili mhakiki aweze kuyapitia. Pamoja nayo andika tamko kwamba michango yako inatolewa kwa leseni za MPLv2 na LGPLv3+. Tamko hilo huandikwa mara moja tu, na lisipokuwepo kazi yako husubiri hata kama kila neno ni sahihi.