Jibu: gramu 500 za ngano ni tumpeco ngapi?

Dada wa Mbale, umesema mapishi yako ya mandazi yanataka unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu gramu 8 na chumvi gramu 5, na huna mizani, una tumpeco (kile kikombe cha nusu lita cha Uganda) na vijiko tu. Nianze na jibu: ngano tumpeco 2, sukari vijiko vya mezani 8, hamira vijiko vya chai 2 na nusu, chumvi kijiko cha chai 1 kisichojaa sana. Vyote visawazishwe kwa mgongo wa kisu, kilele kisibaki.

Waliokujibu kwamba tumpeco ni nusu lita kwa hiyo ni nusu kilo, wamekupotosha. Hesabu hiyo ni ya maji. Nusu lita ya ngano ina gramu 250 hadi 270 hivi, kwa sababu katikati ya unga mna hewa nyingi. Ukitia tumpeco 1 ya ngano halafu maji yanayotosha ngano gramu 500, utapata uji, si donge. Sukari ni nzito zaidi, tumpeco ni gramu 420 hivi. Mchele na maharage makavu hukaribia 400. Chumvi laini ndiyo huyashinda hata maji.

Kwanza hakikisha tumpeco yako, maana sokoni siku hizi kuna vikombe vya plastiki vinavyofanana nayo na havijai nusu lita. Chukua chupa ya maji ya mililita 500 ambayo haijafunguliwa, uimimine yote kwenye tumpeco uone kama inaenea. Usitumie chupa tupu uliyoijaza mwenyewe hadi mdomoni: hiyo inabeba zaidi ya 500.

Ngano ndiyo yenye ujanja. Kipimo kilekile, mkono uleule, unaweza kupata tofauti ya moja ya tano nzima. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja kutoka kwenye gunia unashindilia, na kikombe cha mililita 250 kinafika gramu 150. Ukiukoroga unga kwanza, ukaujaza kwa kijiko bila kugongagonga, ukasawazisha, unapata 125 hadi 130. Kikombe cha mapishi ya Marekani ni kidogo, mililita 237, na wao huhesabu ngano yake gramu 120 au 125. Soma pia mpangilio wa maneno: "kikombe 1 cha unga uliochekechwa" ni chepesi kuliko "kikombe 1 cha unga, kisha uchekeche". Donge likikatika na kuwa gumu, mara nyingi si ngano mbaya, ni kikombe kilichoshindiliwa.

Njia ninayoiamini kuliko jedwali lolote ni kutengeneza lako. Nunua pakiti ya kilo 1 iliyofungwa kiwandani, siyo ya kupimiwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki), kisha uhesabu imetoa tumpeco ngapi za kusawazisha. Gawanya 1000 kwa hesabu hiyo. Ikitoa tumpeco 3 na robo tatu, kila moja ni gramu 267. Kwa kuwa umepima pakiti nzima, kosa dogo la kikombe kimoja halikuumizi. Andika kwa kalamu kwenye mfuniko wa mkebe. Fanya hivyo hasa kwa unga wa posho (mahindi) na wa mtama, kwa sababu kila kinu kinasaga kwa ulaini wake, na namba ya mtu mwingine haitakusaidia.

Kwa vijiko, cha mezani ni mililita 15 na cha chai 5, lakini vijiko vya kulia chakula havina kipimo maalumu, kwa hiyo navyo vijaribu kwa maji: vya mezani 10 vijaze mililita 150. Kijiko cha mezani cha ngano ni gramu 8, cha sukari 12 au 13, cha chumvi laini 18. Cha chai: hamira kavu gramu 3, baking powder 4 hadi 5, chumvi laini 6. Chumvi ya mawe usiibadilishe kijiko kwa kijiko, isage kwanza. Pakiti ya hamira ya gramu 11 ni vijiko vya chai 3 na nusu, kwa hiyo kwa nusu kilo ya ngano usiimwage yote. Donge litaumuka upesi na mandazi yatanuka hamira.

Njugu na maharage ya sokoni, muuzaji akikuwekea kilele, kipime ukifika nyumbani kabla ya kukiandika kama tumpeco 1.