Janga likifunga biashara zetu zote siku moja, mfuko wa kikundi uwekwe vipi?

Swali

Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama 24 hapa Likoni. Wengi wetu tunauza vyakula: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na mihogo jioni. Wachache wana vibanda vya matunda. Kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa wiki, na pesa hizo tunakopeshana. Corona ilipoingia 2020 daftari lilisoma 310,000, lakini 280,000 zilikuwa mikononi mwa wakopaji. Kafyu ikatufunga, hakuna aliyeweza kulipa, na tulichogawana ni 1,250 kila mtu. Tangu hapo kila tukisikia habari ya kipindupindu roho zinaruka. Tunataka mfuko wa dharura. Tuweke kiasi gani? Utolewe kama msaada au mkopo? Madeni tuyasamehe? Na haya mashirika yanayosaidia wafanyabiashara wadogo tunayafikia vipi? Wenzetu wa matunda nao wanauliza kama ni lazima watoe sawa na wapishi.

Jibu

Waaleikum salaam, Bi Mweka Hazina. Nianze na hizo 280,000, kwa sababu nahisi bado mnalaumiana juu yake. Hazina yenu haikukauka kwa wizi wala kwa uzembe. Chama cha kukopeshana hutegemea kwamba mmoja akipata msiba au akiuguliwa, 23 waliobaki wako kazini na wanaendelea kutoa. Kwa msiba wa mtu mmoja utaratibu huo ni mzuri sana. Janga la maradhi halichagui mmoja. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliwapata kwa pamoja muuza viazi anayewasha jiko baada ya Alasiri na muuza mahamri anayekanda unga kabla ya adhana ya Alfajiri ili awahi watu wa kivukoni. Tarehe 8 Aprili njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, na mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukazingirwa hadi mwanzoni mwa Juni. Wadeni wenu wote walikwama wiki ileile, na wale waliohitaji kusaidiwa ndio haohao waliotakiwa kulipa.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mfuko wa dharura ni kwamba haukopeshwi. Hata kwa wiki moja, hata kwa mwenyekiti. Najua itauma kuona pesa zimelala huku mwanachama anaomba mtaji, lakini pesa iliyokopeshwa haipatikani siku ya janga, na ninyi mmeshaliona hilo kwa macho. Fungueni akaunti ya pili, mbali na ile ya mikopo, yenye watia saini watatu. Wanachama wenu wanaojitenga na riba wakiulizia, ziko benki za Kiislamu hapa mjini, na akaunti isiyo na faida inatosha kabisa kwa kazi hii. Mchango wenyewe uandikwe kwenye katiba kuwa ni tabarui: mtu ameshautoa, hadai arudishiwe akijiondoa. Bila kifungu hicho, siku mwanachama akihama mtagombana juu ya fungu lake.

Sasa kiasi. Msijaribu kufidia mauzo yote yanayopotea, hamtaweza na mtakata tamaa. Jiulizeni mwanachama anahitaji shilingi ngapi ili arudi kazini siku anaporuhusiwa. Kwa muuza mahamri ni unga, sukari, mafuta, nazi na makaa ya siku mbili tatu, ndoo yenye bomba ya kunawia, na cheti cha afya kama kimeisha muda. Kaeni mpige bei za soko lenu, maana ninyi mnazijua kuliko mimi. Tuseme mmefikia 5,000 kwa mtu. Kwa watu 24 lengo ni 120,000. Kila mmoja akiongeza 50 juu ya zile 200, mnapata 1,200 kwa wiki, na lengo linafikiwa kwa wiki 100, yaani karibu miaka miwili. Likifikiwa, simamisheni mchango huo hadi mfuko utakapoguswa. Watu hutoa kwa moyo mwepesi zaidi wanapojua mchango una mwisho.

Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapoteleza. Mfuko unapogawanywa siku ya kwanza ya kufungwa, pesa huliwa nyumbani, na hakuna wa kumlaumu, watoto lazima wale. Lakini wiki tatu baadaye amri inaondolewa na mama hana hata bei ya mfuko wa unga. Anakwenda kukopa kwa simu, na biashara inarudi ikiwa na deni shingoni. Nawashauri mgawe malipo mara mbili: 1,500 biashara inapofungwa, kwa chakula cha nyumbani, na 3,500 inapofunguliwa, kwa bidhaa na masharti ya afya. Fungu la pili ndilo linaloirudisha biashara, basi lilindeni. Zote mbili ziwe msaada. Mkishaanza kuzidai zitakuwa deni jingine juu ya madeni, na mtarudi palepale pa 2020.

Masharti ya afya yasichukuliwe kama jambo la pembeni. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na dalili hujitokeza kati ya saa chache na siku tano, kwa hiyo maafisa wa afya wakiona wagonjwa wanaongezeka huwatazama wauza vyakula vya barabarani kwanza. Sisi Mombasa maji yetu ya bomba hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na bomba likikauka tunanunua mitungi ya lita 20 kwa mikokoteni bila kujua yamechotwa wapi. Wekeni ndani ya bajeti dawa ya klorini na tangi moja la pamoja lenye mfuniko na bomba. Vyeti vya afya vya wanaoshika chakula hudumu miezi sita tu, basi wekeni orodha ya tarehe za kuisha kwa wanachama wote. Afisa akija akakuta vyeti 24 vilivyo hai na maji yaliyotiwa dawa, mazungumzo yanakuwa mengine. Kikundi kinaweza kuomba wanachama wake wakaguliwe mapema na kufunguliwa kwanza. Mtu mmojammoja hawezi.

Mfuko ufunguliwe lini? Andikeni wazi, kwa maneno yasiyobishaniwa. Mimi ningeandika: pale amri au tangazo la serikali ya kitaifa au ya kaunti kuhusu maradhi linaposimamisha kazi ya angalau theluthi moja ya wanachama kwa zaidi ya siku saba. Uvumi wa WhatsApp haufungui mfuko, wala biashara kupoa. Ugonjwa wa mtu mmoja una njia yake pia: bili ya hospitali ni kazi ya SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na mchango wake wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi kwa kaya. Hakikisheni kila mwanachama amejisajili na analipa, la sivyo mfuko wenu utageuka mfuko wa matibabu. Lakini acheni mlango mmoja. Chikungunya ilipoenea Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, hakuna aliyefunga vibanda kwa amri. Watu walifungwa na viungo, na mama asiyeweza kukunja vidole hawezi kukanda unga. Ongezeni kifungu kwamba theluthi moja wakiugua maradhi yaleyale ndani ya mwezi mmoja, na hospitali au zahanati imethibitisha, mfuko unaweza kufunguliwa.

Pia andikeni namna ya kuamua bila kukutana. 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku na vikundi vingi vilikwama kwa sababu katiba ilidai kikao cha ana kwa ana. Toeni idhini ya kura kwa simu, majibu yahifadhiwe na katibu, na malipo yapite kwenye simu ili yaache alama.

Kuhusu madeni: msiyasamehe, yagandisheni. Mwanachama aliyekopa 12,000 za kulipa 1,000 kila mwezi, akawa amelipa miezi minne, anadaiwa 8,000. Siku ya kufungwa deni ni 8,000, na siku ya kufunguliwa ni 8,000 hizohizo. Hakuna faini, hakuna nyongeza, na tarehe ya mwisho inasogezwa kwa idadi ya miezi iliyopotea. Mkisamehe, mnawaumiza wale waliokuwa hawajakopa, kwa sababu pesa ni zao pia, na mkopaji wa kesho atasubiri janga lijalo. Jambo la kuangalia ni nani anafaidika na kugandishwa. Mnamo 18 Machi 2020 Benki Kuu ilipotoa nafuu kwa wakopaji wa benki, iliwahusu wale ambao mikopo yao ilikuwa inalipwa sawasawa kufikia tarehe 2 Machi, na mkopaji alitakiwa aende mwenyewe kuzungumza na benki yake. Kanuni hiyo ni ya haki na mnaweza kuichukua: aliyekuwa ameshachelewa miezi mitatu kabla ya janga hafichwi na janga, huyo mnakaa naye peke yake.

Tuje kwenye mashirika. Mnaulizia mlango, na milango ipo zaidi ya mmoja, kila mmoja na kazi yake. Kamati za zaka za misikiti ndizo zilizo karibu nanyi kuliko zote, na wengi huziendea vibaya kwa kuomba chakula tu. Katika mafungu nane ya wanaostahili zaka yaliyotajwa kwenye Surat At-Tawba aya ya 60 limo la wadeni. Mama aliyechukua unga kwa deni dukani, akafungiwa biashara na hana cha kulipia, hali yake inaweza kuingia humo. Pelekeni majina na stakabadhi za madeni, na imamu ataamua. Wanachama wasio Waislamu waombewe msaada kupitia sadaka au makanisa yao, na mwombe kama kikundi kimoja ili asibaki mtu. Msalaba Mwekundu huingia zaidi kwenye maji, usafi na mafunzo, basi klorini na elimu ya usafi ombeni huko, msiende na ombi la mtaji. Chemba ya Kitaifa ya Biashara na Viwanda ina tawi Mombasa, na faida yake kubwa ni sauti: ada ya leseni au masharti ya kufunguliwa yakijadiliwa na kaunti, kuna anayewasemea. Mamlaka ya biashara ndogondogo, MSEA, ipo kwa sheria ya 2012, ambayo inahesabu biashara ndogo kabisa kuwa ile yenye mauzo yasiyozidi 500,000 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Anayeuza 1,500 kwa siku, siku sita kwa wiki, anafikisha kama 468,000, kwa hiyo yumo. Lakini yumo kwa daftari, si kwa maneno.

Na hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote niliyoandika. Janga likiingia, kila shirika linakuwa na siku chache za kuamua limpe nani, na linampa yule ambaye karatasi zake ziko tayari. Leo, kabla ya lolote, tengenezeni faili moja: cheti cha usajili, katiba, mihtasari ya vikao, taarifa ya benki ya mwaka mzima, na ukurasa mmoja kwa kila mwanachama unaoonyesha anauza nini, wapi, na mauzo ya kila siku ya miezi mitatu, hata kama yameandikwa kwa kalamu kwenye daftari la shule. Kila mmoja atie saini kukubali taarifa zake zipelekwe kwa wafadhili, kwa sababu sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini yake. Na habari za nani aliugua nini zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp hata kidogo. Muuza chakula akishatajwa na kipindupindu, wateja hawarudi hata baada ya kupona.

Msikope ili kusaidia wanachama wakati biashara zimefungwa. Mfuko wa Hasla, ule wa mikopo ya serikali kwa simu, hutoa kati ya 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo si mbaya, lakini hudai ndani ya siku 14, na siku 14 za kafyu hazizai shilingi. Hazina ya Uwezo, ya serikali kwa vikundi, nayo ni ya kukuza biashara, hupitia kamati na huchukua muda. Iombeni sasa mkiwa mnafanya kazi.

Wenzenu wa matunda watoe sawa. Kipindupindu kikija wataguswa nao, maana matunda yaliyokatwa huzuiwa mapema, na kafyu ikija wapishi wa jioni ndio watakaoumia zaidi. Hamjui lijalo litampata nani. Ila ningependa muongeze wanachama watano au sita wasiouza chakula kabisa: mshonaji, msusi, fundi simu, muuza mitumba. Wakati jiko limezimwa kwa amri, cherehani huenda bado inazunguka, na mchango wake wa wiki unaendelea kuingia.