Matairi na kuondoka kwa gari katika mbio fupi: jibu kwa msomaji wa Kampemba

Swali: Papa fundi, salamu sana. Nina Toyota RunX ya injini 2ZZ, gia sita za mkono, na nimeivalisha rimu za inchi 17. Mwezi wa nane mimi na wenzangu tutashindana mita 402, magari mawili mawili, kwenye barabara iliyo ndani ya kiwanja cha mtu binafsi, ambaye amekubali ifungwe siku nzima. Kila nikijaribu kuondoka, matairi ya mbele yanalia na kutoa moshi, na mwenzangu ananiacha urefu wa magari mawili kabla sijaingiza gia ya pili. Rafiki ananiuzia matairi ya mbio yasiyo na mifereji, yaliyokwisha kutumika. Niyanunue? Na klachi niiachie injini ikiwa kwenye mizunguko mingapi?

Jibu: Mdogo wangu, matairi hayo usiyanunue. Tairi lisilo na mifereji limetengenezwa kwa ajili ya njia iliyoandaliwa, yaani lami au zege iliyonyunyiziwa gundi na kushikwa na mpira wa magari yaliyotangulia, na hushika vema baada ya kupashwa joto. Sisi mwezi wa nane tuko katikati ya kiangazi, mvua imekwisha kutuaga muda mrefu, na vumbi jekundu la Lubumbashi hulala juu ya lami hata kama imefagiliwa asubuhi ile ile. Mpira laini kupita kiasi utalikusanya vumbi hilo kama mikono yenye maji inavyokusanya unga wa bukari. Zaidi ya hayo, kila mara tairi la namna hiyo linapopata moto na kupoa, mpira wake hukakamaa kidogo, na kwa macho huwezi kujua limepitia safari ngapi.

Chanzo cha shida yako ni kwamba RunX huvutwa na magurudumu ya mbele, na gari lolote linapochomoka uzito wake huegemea nyuma. Tuhesabu pamoja. Chukua gari la kilo 1,100, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 50 juu ya ardhi na ekseli zake zikiwa zimeachana mita 2.6, likiongeza mwendo kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia, kilo 106 hivi huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Kama mbele palikuwa na kilo 660, zinabaki 554 za kuyakandamiza matairi yanayofanya kazi, wakati mwenzako mwenye gari la kusukumwa kwa nyuma anaongezewa uzito pale pale anapouhitaji. Kwa hiyo toa tairi la akiba, jeki na vyote vilivyomo kwenye buti, na usimchukue abiria.

Tafuta matairi mawili ya barabarani yenye mpira laini kwa ajili ya mbele, na uyafunge kwenye rimu za inchi 15. Ubavuni mwa matairi mengi mna namba ya uimara dhidi ya kulika: tairi la kawaida la safari huwa na 400 au zaidi, na lenye 200 hivi lina mpira laini unaong'ang'ania lami ingawa litaisha mapema. Namba hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo inafaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. Kabla ya hata kuuliza bei, soma tarakimu nne za tarehe: 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Matairi mengi ya okazioni, yaani yaliyokwisha kutumika, yanayouzwa mjini kwetu yana mifereji mirefu inayopendeza macho, kumbe mpira umezeeka na kuwa mgumu. Lililopita miaka sita mimi silipeleki kwenye mbio. Ukubwa nao una faida yake, kwa sababu gurudumu lote likipungua kimo kwa asilimia 5, nguvu ya kusukuma lami huongezeka karibu kiasi hicho hicho, ingawa utabadilisha gia mapema zaidi.

Upepo akupimie kwado, yaani fundi wa matairi, asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo unachokiamini. Anza na bari 1.8 mbele, ushuke kidogo kidogo, na kwa tairi la barabarani usipite chini ya 1.6, nyuma weka 2.8 ikiwa maandishi ya ubavuni yanaruhusu, ili magurudumu hayo yabingirike kwa wepesi. Kisha itazame alama inayoachwa kwenye lami. Kingo zikiwa nyeusi na katikati pamefifia, upepo ni mdogo mno. Katikati pakiwa peusi peke yake, upepo umezidi. Usiwaige wanaomwaga maji na kuyazungusha matairi ndani yake, kwani mifereji hubeba maji hayo mpaka kwenye mstari na ukaondokea juu ya utelezi wako mwenyewe. Pita pakavu, vuta breki ya mkono, zungusha magurudumu ya mbele sekunde mbili au tatu ili vumbi litoke, na hapo inatosha.

Sasa klachi, na hapa nakuomba usome polepole, maana wengi husahau mahali tunapoishi. Lubumbashi iko kati ya mita 1,200 na 1,300 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ile ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kadiri hiyo, hivyo farasi 190 walioandikwa kwenye vitabu vya 2ZZ hapa ni kama 167. Tena injini hiyo huamka kwelikweli inapokaribia mizunguko 6,000, vali zake zinapoanza kufunguka zaidi. Chini ya hapo ni injini ya kawaida. Tairi likishika mno wakati wa kuondoka, mizunguko huanguka na gari hudorora. Likishika kidogo mno, unapata moshi unaoulalamikia. Tairi huvuta vizuri zaidi linapoteleza kidogo, kama asilimia 10 hadi 15 kupita mwendo wa gari, na kazi ya mguu wako wa kushoto ni kulibakiza hapo.

Kwa hiyo usiiachie klachi kwa mpigo. Shikilia injini kwenye mizunguko 3,000, ipandishe klachi mpaka gari linapoanza kusogea, ibakize hapo kwa muda usiozidi sekunde moja huku ukiongeza mafuta, kisha iachie yote na ukanyage mpaka mwisho pale tu gari linapokuwa limeifikia injini. Mizunguko ikianguka, jaribu 3,500, halafu 4,000. Matairi yakilia, rudi nyuma 300. Siwezi kukupa namba moja kutoka gerejini, kwa kuwa klachi yako, lami yenu na vumbi la siku hiyo ndivyo vitakavyoamua. Usukani ushike kwa mikono miwili, kwa sababu gari la namna hii huvuta upande. Ukisikia gurudumu linarukaruka na kugonga, ondoa mguu papo hapo: hivyo ndivyo ekseli za mbele zinavyokatika. Baada ya kila jaribio ipumzishe klachi dakika tano, na ikinuka, zaidi ya hapo.

Pima mita 18.3 kutoka mstarini, weka alama, na mtu arekodi kwa simu inayochukua picha 60 kwa sekunde, kisha zihesabu picha tangu gurudumu linaposogea mpaka linapofika kwenye alama. Umbali huo mfupi ndio unaopimwa katika viwanja vya Marekani, maana sehemu moja ya kumi ya sekunde inayookolewa hapo huzaa karibu mara moja na nusu hadi mbili mwishoni mwa mita 402. Badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio na uliandike kwenye daftari.

Hukuniambia mna nafasi kiasi gani ya kusimamia, na hilo linanisumbua kuliko moshi wako. Mwisho wa mita 402 utakuwa unakwenda karibu kilomita 140 kwa saa, matairi ya mbele yakiwa na upepo mdogo. Mwaka 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta, NHRA, chama cha mbio fupi za magari cha Marekani, kilipunguza mbio za magari yake yenye kasi kubwa kabisa kutoka mita 402 hadi 305, ili nafasi ya kusimama iongezeke. Kama ng'ambo ya mstari wa mwisho hamna mita 400 nyingine zilizonyooka, zisizo na watu wala ukuta, shindaneni mita 201, na watazamaji wote wakae nyuma ya mstari wa kuondokea. Kabla ya kutoka kiwanjani kuelekea nyumbani, rudisha upepo wa mbele kwenye kiwango kilichoandikwa mlangoni mwa gari.