Tangi la pili linapumulia wapi? Fundi wa Lubumbashi anajibu

Tangu mvua zikatike na barabara ya Kasomeno ianze kupitika, barua zinazonifikia karibu zote ni za kuongeza tangi la pili la mafuta kwenye gari. Wote wanauliza lita ngapi. Ni wachache wanaouliza mafuta yatapita wapi, yatarudi wapi na tangi litapumulia wapi, na kwangu garajini magari yanaharibikia hapo. Nimechagua maswali machache, nimeyafupisha.

Jambo papa fundi. Napeleka bidhaa Pweto kwa Land Cruiser pikapu ya mazutu (dizeli), HZJ79. Nataka kuongeza tangi la lita 200. Gari itaweza? (Ruashi)

Gari itaweza, ila sijui kama wewe unalihitaji. Tangi la kiwanda la pikapu hiyo linachukua lita 130. Tuseme kwa mzigo na matope inakula lita 16 kwa kilomita 100, hapo unapata zaidi kidogo ya kilomita 800. Umewahi kulijaza mpaka mdomoni, ukaandika namba ya kilomita, ukapima linakufikisha wapi? Fanya hivyo safari moja kabla ya kununua bati. Chukua hesabu ya kwenda na kurudi, ongeza robo kwa ajili ya kukwama na kuzunguka, kisha toa lita 130. Wengi wakifanya hesabu hii wanajikuta wanahitaji lita 60 au 80.

Uzito nao hausamehe. Lita moja ya mazutu ni karibu gramu 840, kwa hiyo lita 200 ni kilo 168, na tangi lenyewe la chuma pamoja na vishikio vyake linapandisha jumla kupita kilo 200. Hao ni abiria watatu ambao hawashuki, na utawatoa kwenye magunia yako. Ukilifunga, liwe mbele ya ekseli ya nyuma, kati ya vyuma viwili virefu vya chasi, au juu ya bodi limeegemea kabini. Ukilining'iniza nyuma kabisa chini ya bampa, usukani utakuwa mwepesi mahali usipopataka, na gari ikigongwa nyuma tangi ndilo la kwanza kupokea pigo.

Shemeji yangu anasudire (anachomelea) milango na madirisha. Tuna pipa la zamani la mazutu, limekaa tupu miaka miwili. Anaweza kulikata atutengenezee tangi? (Katuba)

Mama, mwambie shemeji aweke chini hiyo baguette, fimbo yake ya kuchomelea, kwanza.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, tuliletewa tangi la lori "tupu" lenye tundu dogo kwenye kona. Lilikuwa limelala juani wiki nzima, hata harufu hukuisikia. Mkubwa wangu aligusa chuma kwa baguette mara mbili, mara ya tatu upande mzima wa tangi ukafunguka kama kitabu. Kipande kilipita juu ya kichwa changu kikakwaruza ukuta. Alama ilikaa pale mpaka walipopiga lipu upya. Yeye aliungua mikono na kope. Mazutu baridi haishiki moto upesi, inataka joto la zaidi ya nyuzi 55 ndipo itoe mvuke wa kuwaka. Lakini utando uliobaki kwenye mishono ya pipa ukipigwa na moto wa kusudire unakuwa mvuke mara moja, ndani ya chumba kilichofungwa chenye hewa yake. Pipa lililowahi kubeba esansi (petroli ya magari) ni baya zaidi. Kuna wanaosuuza kwa omo, kuna wanaoingiza moshi wa gari. Mimi sikubali tangi lililotumika, liwe limeoshwa na nani.

Nunua bati jipya jeusi la milimita 2, au alumini kama una mtu anayejua kuisudire kweli. Usitumie bati lenye zinki, lile la ukoo mmoja na manjanja ya kuezekea: zinki inashikana na mazutu, inatoa uchafu kama sabuni, na uchafu huo unaenda kukaa kwenye filta na injekta. Shaba nayo iache, inaozesha mafuta. Ndani ya tangi weka kuta za kukata mawimbi, moja kila sentimita 30 au 40, zenye matundu kwenye pembe za chini ili mafuta yapite na za juu ili hewa ipite. Bila kuta hizo, kilo 80 za mafuta zinakimbia mbele kila unapokanyaga breki, na mishono inapasuka kabla ya mvua nyingine kufika.

Kupima kama linavuja ni kazi ya pampu ya baiskeli. Kompresa iache kabisa. Upande wa tangi wenye sentimita 60 kwa 40, ukiupa presha ya baa 1 tu, unasukumwa na nguvu ya karibu kilo 2,400. Nimeona tangi jipya likivimba kama puto kwa sababu kijana alitaka kumaliza haraka. Chukua mpira mwangavu, ukunje kama herufi U, utie maji, upande mmoja uufunge kwenye tangi. Piga pampu polepole mpaka maji ya upande mmoja yawe juu ya mengine kwa mita moja na nusu. Hiyo ni baa 0.15, inatosha. Ukizidisha, maji yataruka nje ya mpira na tangi litapona. Sasa paka povu la sabuni kwenye kila mshono, inamisha kichwa uangalie pembe kwa makini, maana tundu la kweli halitoi povu kubwa: linatoa vipovu vidogo vyeupe, kama mate ya mtoto.

Fundi, nimefunga tangi la pili na robine (koki) ya kubadilisha chini ya kiti. Nikifungulia la pili, baada ya saa moja mazutu yanamwagika upande wa tangi la kwanza, na la pili linakwisha haraka ajabu. Robine ni mbovu? (Likasi)

Robine ni nzima. Aliyekufungia alisahau kwamba injini ya mazutu ina mipira miwili, wa kupeleka na wa kurudisha. Pampu inavuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki yanarudi tangini. Robine yako inabadilisha wa kupeleka peke yake. Kwa hiyo unakunywa kutoka la pili na unarudisha kwenye la kwanza, ambalo lilikuwa limejaa. Likizidiwa linatapika kwa njia ya pumulio, kibomba cha hewa cha tangi, au kifuniko. Mafuta hayaliwi na injini, yanahama nyumba. Simama uyafunge leo: mazutu kwenye bomba la moshi lenye moto si mchezo, na mwenye pikipiki nyuma yako akiyakanyaga kwenye kona ataanguka.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni robine ya midomo sita, mitatu ya kupeleka na mitatu ya kurudisha, inayogeuza njia zote mbili kwa pamoja. Ni nzuri, lakini ikikwama katikati barabarani umekwama nayo, na viungo vyake ni vingi.

Ya pili ndiyo ninayofunga mimi. Mipira ya kiwanda naiacha ilivyo, tangi la pili linakuwa ghala tu, na pampu ndogo ya umeme inahamishia mafuta kwenye tangi la kwanza. Injini haijui kama kuna kitu kimeongezwa. Ila pampu hiyo inataka adabu. Pima mwenyewe inatoa kiasi gani: jaza bidoni la lita 20 ukiwa na saa mkononi. Ikichukua dakika 10, ni lita 2 kwa dakika. Subiri geji ishuke nusu, ndipo uiwashe dakika 25, ni lita 50, na tangi lako la lita 130 lina nafasi. Weka taa nyekundu kwenye dashibodi inayowaka muda wote pampu inapofanya kazi, kwa sababu utasahau, sote tunasahau. Umeme uupitishe kwenye kontakti, swichi ya ufunguo wa gari, ili gari likizimwa pampu izimike, na fyuzi iwe jirani na betri, si kule mwisho. Kama tangi la pili liko juu ya la kwanza, ongeza vali ya kufunga, la sivyo mafuta yataendelea kushuka yenyewe usiku kucha hata pampu ikiwa imezimwa.

Na mafuta yatolewe kwa juu, kwa bomba linaloshuka ndani mpaka karibu na sakafu ya tangi. Mpira ukikatwa na jiwe, hautamwaga tangi zima. Mpira wenyewe uwe wa mafuta, wenye maandishi ubavuni. Ule mwangavu wa maji niliousifia kwenye kupima unakauka na kupasuka baada ya miezi michache.

Tangi langu la pili limebonyea lenyewe, na hakuna aliyeligonga. (Kampemba)

Halina pumzi. Pampu inavuta mafuta, hewa haina pa kuingilia, bati linaingia ndani. Tafuta pumulio: ama fundi hakuweka, ama udongo mwekundu umeliziba. Lipandishe juu kuliko mdomo wa kujazia, likunjwe mwisho wake utazame chini, liwe na kifilta na vali ndogo ya kuzuia mafuta gari ikipinduka. Na usijaze mpaka juu kabisa. Lita 100 za mazutu zilizotiwa alfajiri ya baridi zinaongezeka zaidi ya lita moja na nusu joto likipanda nyuzi 20. Acha sehemu moja katika ishirini wazi.

Hilux yangu ni ya esansi. Naweza kuweka tangi la plastiki nyuma ya viti, ndani ya kabini, ili wezi wasiibe? (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hapana. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni kwenye miguu yako ukisubiri cheche ya swichi. Kwa gari ya esansi mimi sifungi tangi la nyumbani. Beba madumu mawili ya chuma ya lita 20, nje, yamefungwa yasicheze, na ukiyajaza yateremshe chini ardhini kwanza, usijazie juu ya bodi yenye zulia la plastiki.

Ukiwa mpakani chunga pia neno. Sisi hapa tukisema petroli tunamaanisha ya taa. Dereva wa Dar es Salaam akisema petroli anamaanisha esansi. Nimeshamwaga tangi zima kwa sababu ya neno hilo moja.

Tukinunua kwa Kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, njiani, tunavuta kwa mdomo kwa mpira. Kuna ubaya gani? (Kasenga)

Matone machache yakiingia kwenye mapafu yanayachoma, na mtu anaweza kufa. Aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa. Apelekwe hospitali hata kama anasema amepona. Nunua pampu ya mkono. Mafuta yenyewe tia kidogo kwenye chupa nyeupe, uyaache nusu saa: maji yatashuka chini, utayaona. Ndiyo sababu tangi la pili liwe na nati ya kumwagia uchafu chini yake, na usiliache nusu tupu kiangazi chote, maana usiku wa Juni na Julai bati linatoa jasho kwa ndani.

Nikivuka Kasumbalesa na tangi la ziada, watanisumbua? (Lubumbashi)

Forodha nyingi zinaachia mafuta ya tangi la kiwanda, lakini ya tangi la kuongeza zinaweza kuyahesabu kama bidhaa. Litaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Uwe na karatasi ya garaji yenye ujazo wa tangi na tarehe lilipofungwa, na bima yako ijue. Lililopakwa rangi ya chasi na kufichwa nyuma ya bodi, hata kama halina kosa, utalieleza kwa muda wa saa mbili ukiwa umesimama juani.